Gomesi Si Gome

Niliingia Rukoki, wilayani Kasese, na nadharia yangu kibindoni, tena nikiipenda. Niliamini kwamba gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda lenye mabega yaliyochongoka, limepata jina lake kwenye gome. Kabla vitambaa vya pamba havijaenea, Waganda walivaa lubugo: gome la mti wa mutuba lililobanduliwa, likagongwa kwa nyundo za mbao mpaka likalainika na kutanuka kama shuka. Mtu wa pwani akisikia neno gomesi, kisha akaonyeshwa lubugo, hahitaji kamusi. Gome, gomesi. Hata ile -si ya mwisho nilikuwa nimeshaitafutia maelezo, ambayo sitayarudia hapa kwa sababu yananitia haya.

Aliyenivunjia nadharia hiyo ni fundi wa nguo mwenye baraza yake kando ya barabara, upande wa makao makuu ya Wilaya ya Kasese. Jina lake sitalitaja, ingawa nikisema ni mtoto wa pili wa kiume kwa mama yake, Mkonzo yeyote, mwenyeji wa huku, ameshalikisia. Alinisikiliza mpaka mwisho, miguu yake ikiendelea kukanyaga. Mshono ulipofika ukingoni alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akakata uzi, akasema, "Hapana, mwalimu. Gomesi ni mtu."

Kiswahili chake kilinyooka kuliko nilivyotegemea. Alikirithi kwa baba yake, mchimbaji wa Kilembe enzi ambazo mgodi wa shaba ulikusanya watu wa lugha nyingi na kuwaingiza kwenye shimo moja. Mgodi ule ulianza kutoa shaba mwaka 1956, na reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka huohuo. Shaba ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye treni nazo zikaacha kuja. Kiswahili kilibaki, na cherehani cha fundi huyu mzee kikabaki.

Gomesi ni mtu, basi, na mtu mwenyewe alikuwa fundi. Habari inayosimuliwa zaidi nchini Uganda inaanzia Gayaza, kaskazini mwa Kampala, ambako wamisionari wa Kianglikana walifungua shule ya wasichana mwaka 1905. Wasichana walilima na kufua na kudeki, na shuka lililofungwa kifuani likawa linawateleza kila wanapoinama. Mwalimu mkuu, Alfreda Allen, alimwendea fundi wa Kigoa, akamtaka awashonee kitu kisichoteleza. Fundi huyo hutajwa kwa jina la Caetano Milagres Gomes. Ukilitazama vazi lenyewe utaona kwamba hakuwaletea gauni la Kizungu. Shuka bado limo mle ndani, limekunjwa kwa mbele vilevile. Alichofanya ni kulitilia mabega, mikono mifupi, shingo ya mraba, na vifungo viwili upande wa kushoto, viwili tu, vya kulizuia lisidondoke.

Wapo wanaoliita bodingi mpaka leo, kwa kuwa lilianza kama sare ya shule ya bweni, na Waganda wengi huliita busuuti. Mwaka 1914 Kabaka Daudi Chwa alipotawazwa, inasimuliwa kwamba mkewe, Irene Namaganda, alitokea amelivaa. Baada ya hapo hakuna aliyeliona tena kama nguo ya watoto wa shule wanaolima. Lilivuka Buganda, likaenda Busoga, likaenda mbali zaidi, na hapa chini ya Rwenzori, zaidi ya kilomita 300 kutoka Gayaza, mama wa Kikonzo analitoa sandukuni siku ya arusi na siku ya ibada ya akina mama.

Goa ilikuwa koloni la Wareno hadi mwaka 1961, na familia zilizobatizwa kule zilichukua majina ya Kireno: Fernandes, de Souza, Gomes. Msomaji wa Zanzibar huenda jina hili analijua kwa njia nyingine. A. C. Gomes alikuwa mpiga picha Mgoa mwenye studio Unguja, na kadi zake za posta za mji wa zamani bado zinazunguka kwa wakusanyaji, jina lake limechapwa pembeni. Mpiga picha ana pembe ya kuweka jina. Mshonaji hana. Jina lake likionekana kwenye nguo, nguo imeharibika.

Ndiyo sababu nilishtuka kidogo. Vitambaa vyetu vimepewa majina kwa namna nyingi, lakini ni nadra sana kupewa kwa mshonaji. Merikani ni nchi: ile pamba nzito isiyotiwa rangi iliyokuja na jahazi kubwa za Massachusetts karne ya 19. Leso ni Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi, kwa sababu kanga za mwanzo ziliunganishwa kwa vitambaa vya namna hiyo. Mombasa kuna kanga zenye maneno "Mali ya Abdulla," lakini Abdulla ni mfanyabiashara, mwenye duka, mwenye mali. Mwenye sindano hatajwi. Kanzu ilipanda kutoka kwetu ikaingia Buganda na jina lake lilelile, na Waganda wakaitarizi kifuani kwa uzi wa rangi ya damu ya mzee mpaka ikawa yao. Nani aliyeitarizi ya kwanza, hakuna jina. Ila huyu Mgoa. Jina lake limekuwa nguo, na linapoingia kwenye Luganda linapata irabu ya mwisho kama neno lolote la nyumbani.

Nikamwuliza mzee kama angependa nguo moja ipewe jina lake.

"Jina langu?" akacheka. "Ukiliita hapo barabarani, nusu ya mlima itaitika."

Ni kweli. Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: kwa wavulana, wa kwanza aghalabu ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na kuendelea. Ni utaratibu mzuri wa kumjua mtu nyumbani kwao, lakini haufai kabisa kwa biashara ya majina.

Nilikaa barazani pale siku nne. Nilikuwa nimekwenda kutafuta neno, na neno nilikuwa nimelipata kwa dakika tano. Kilichonizuia ni gomesi moja ya hariri, ya rangi ya zambarau, aliyokuwa akimshonea mama mmoja wa jirani anayeoza mwana.

Vipimo alichukua haraka kuliko nilivyodhani. Bega kwa bega, mzunguko wa mkono, bega hadi chini. Kifua na kiuno hakuvigusa, maana gomesi haishiki mwili. Kitambaa chake ni kikubwa kuliko mwenye kukivaa, hata mita 6 kwa iliyoshonwa sawasawa, na ile ziada hukunjwa mbele na mvaaji mwenyewe, kisha hubanwa na mshipi mpana unaofungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga, ncha zake zikining'inia. Nguo nyingine humalizwa kwa fundi. Hii humalizwa upya kila inapovaliwa, na fundi anapaswa kushona akiijua mikono ya mtu mwingine itakayokuja kuikunja.

Urefu ndio aliupima mara mbili, mama akiwa pekupeku, kisha akiwa na viatu vya siku hiyo, ambavyo alikuwa ameagizwa avilete.

"Ikiwa fupi," aliniambia mama alipoondoka, "watasema fundi ameiba kitambaa. Ikiwa ndefu ataanguka mbele ya wakwe."

Kukata kulimchukua asubuhi nzima. Hariri ni kitambaa chenye kiburi: ukikiweka mezani kinatafuta njia ya kuondoka. Alitandika kwanza shuka kuukuu la pamba ili hariri ipate pa kushika, akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akaipaka vumbi la chaki. Kisha akatandaza na kusubiri. Nilifikiri amechoka. Kumbe aliiacha itulie, kwa kuwa kitambaa kilichotoka tu kukunjuliwa kinakumbuka mikunjo ya dukani, na ukikikata kabla hakijasahau, kesho kitakuwa na kipimo kingine. Alipoanza, mkasi wake haukufunga kinywa hata mara moja. Alikuwa akiusukuma mbele huku ukiwa nusu wazi, kwa sababu mkasi unaofunga ncha zake katikati ya safari huacha jino dogo kwenye ukingo, na hariri hukatikia kwenye jino hilo. Sauti yake si kwacha-kwacha ile ninayoijua. Ilikuwa moja, ndefu, kama mtu anayechana karatasi taratibu ili asimwamshe mtoto.

Pwani fundi wa kanzu ana msamiati wake wa vipande: badani, taharizi, kikwapa, sijafu. Nilimtajia kwa kujigamba kidogo. Yeye alinionyesha kile kipande kikubwa cha mbele akasema, "Sisi tunasema mwili." Nikanyamaza. Badani ni mwili, kwa Kiarabu.

Bega la gomesi ndilo linalotazamwa. Mtu akiingia kanisani, kabla hujaona rangi umeona vile vilele viwili. Haviji kwa kupandisha kitambaa tu. Kichwa cha mkono hukatwa kikubwa kuliko tundu la bega linalokipokea, halafu ile ziada huwekwa mikunjo midogo iliyolala pande mbili, ikitazamana juu ya bega kama watu wanaosalimiana, na ndani yake huwekwa kitambaa kigumu cha kuisimamisha. Mikunjo ikiwa mikubwa, bega linakuwa la mwanajeshi. Ikiwa midogo mno, linalala na mama anaonekana amenyeshewa. Mzee aliikunja kwa ukucha wa kidole gumba, mmoja mmoja, akipiga bandi kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kushikilia tu. Kisha akaweka mashineni na kukanyaga polepole hata nikaweza kuhesabu sindano inavyoshuka.

Alipomaliza mikono yote miwili aliinua nguo kwa mabega, akageuka nayo kuelekea milimani. Siku hiyo Rwenzori ilikuwa wazi, jambo lisilotokea mara nyingi, mawingu huipenda. Akaitazama nguo, akaitazama kwa jicho moja, akaiweka chini na kuchukua wembe.

"Kuna nini?"

"La kulia limelala."

Sikuona. Aliniwekea ukucha wake kwenye ncha ya bega kunionyesha tofauti ilivyo, na tofauti yenyewe ilikuwa unene wa ukucha huo. Nilimwambia hakuna atakayeona. Hakunijibu. Alishonoa mkono mzima, si ncha tu: alipitisha wembe chini ya kila mshono wa tatu, akavuta uzi wa upande wa pili ukatoka mzima kama unyasi, akakung'uta, akapiga pasi mahali pale mpaka matundu ya sindano yakafifia, akaanza mikunjo upya. Kiswahili kina bahati hapa. Shona, shonoa, funga, fungua, ziba, zibua. Kazi na kuibatilisha kwake ni neno moja lililoongezwa mkia. Mzee aliutumia ule mkia sana. Kwa saa nilizokaa pale, ningeapa kwamba alishonoa karibu sawa na alivyoshona, na hasira sikuiona hata mara moja.

Saa tisa hivi mkono ulirudi mahali pake. Akaunyanyua tena mbele ya mlima. Mlima wakati huo ulikuwa umeshafunikwa, akatumia ukuta.

Shingo ni hatari ya namna nyingine. Ni mraba, na mraba una pembe, na pembe ya ndani haigeuki kama hukuichanja. Fundi hushona kitambaa cha juu na cha ndani vikitazamana, kisha huingiza ncha ya mkasi kwenye pembe na kukata kuuelekea mshono, na hapo ndipo anaposhika pumzi. Akiachia nyuzi mbili bila kukata, pembe ikigeuzwa inakunjamana kama paji la uso. Akivuka uzi mmoja tu, ameutoboa mshono, na hariri itafumuka kutokea hapo siku yoyote, pengine siku ya arusi yenyewe. Mzee alivua miwani kwa kazi hii, jambo ambalo sikulielewa, akasogeza uso karibu kabisa na kitambaa. Mkato mmoja. Akageuza, akasukuma pembe kwa kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe. Ilitoka kali, imenyooka. Hakuisifia. Alikwenda nje kunywa maji.

Matundu ya vifungo aliyashona kwa mkono, ingawa wateja wengi siku hizi hawaulizi. Vifungo ni viwili tu, na vimebeba vazi zima. Mita zote zile za hariri zinaning'inia hapo. Kila tundu lilizungushwa mishono iliyosongamana, kila mshono ukifungwa fundo dogo ukingoni, kwa dakika kama 20. Katika dakika hizo vijana wawili walikuja kupunguziwa suruali za mivumba, ndiyo mitumba yetu, na wakasubiri bila kunung'unika. Mivumba ndiyo inayomlisha, alisema, pamoja na sare za shule muhula ukianza. Gomesi inamlisha kidogo sana ukilinganisha na muda wake.

Cherehani chake ni Singer nyeusi, maandishi ya dhahabu yamefutika mahali mkono unapopita. Wateja wanaotumia Luganda hukiita *ekyalaani*, na hilo ni neno letu lililovaa upya. Cherehani, au charahani kama wazee wengine wanavyotamka, asili yake inafuatiliwa hadi Uajemi, ambako *charkh* ni gurudumu. Waswahili walipolipokea walisikia *che-* mwanzoni wakadhani ni mwenzake chakula na cheti, wakaliweka kwenye ngeli ya ki-vi na kulizalia wingi: vyerehani. Waganda nao walipolichukua kwetu walisikia kitu kilekile, wakakiandika *ekya-*, na wingi wake ni *ebyalaani*. Gurudumu la Mwajemi sasa lina kiambishi cha Kibantu, na hakuna mtu kwenye baraza ile aliyewahi kuona tatizo. Nilipomweleza mzee, alilizungusha gurudumu kwa kidole, likafanya mizunguko mitatu na kusimama. "Uajemi ni wapi?" akauliza. Nikamwambia. "Basi mafuta ya mashine yangetoka huko," akasema, "haya ya hapa ni mabaya."

Neno lililonipata vibaya lilikuwa langu mwenyewe. Siku ya pili mzee alikwenda kula, nikabaki peke yangu kwenye kiti cha wateja. Akaja mama mmoja, akanisalimu kwa heshima, akaniuliza mimi ni nani hapo. Nikasema mimi ni mtunzi. Akatoa sketi ya mwanawe mfukoni, akanipa, akaanza kunieleza zipu ilivyokufa.

Kwa Luganda *okutunga* ni kushona, na *omutunzi* ni fundi wa nguo. Mtunzi wa Kiswahili anaandika hadithi, na hata hivyo sisi pia hatukuanzia kwenye hadithi. Tunatunga shanga, tunatunga asumini kwenye kikuba, mvuvi anatunga samaki kwenye ukambaa apate kuwabeba. Kutunga ni kupitisha uzi. Mzizi huo ni wa zamani sana katika lugha za Kibantu na umesambaa mpaka kusini kabisa: Mzulu anayeshona nguo husema *thunga*. Kwa Kilingala *kotonga* ni kushona na pia ni kujenga nyumba. Sisi wa pwani tulitwaa kitenzi kingine kwa nguo, kushona, tukabakiza kutunga kwa shanga na mashairi, kisha tukasahau kwamba viliwahi kuwa kazi moja. Mama yule hakusahau chochote. Nilimrudishia sketi na kumwomba amngoje mtunzi wa kweli.

Siku ya tatu tulikwenda Bwera, mimi na mzee, kwa taksi iliyojaa. Hariri ilikuwa imetosha, lakini alitaka uzi unaolingana nayo na kikoi cha ndani. Hilo la kikoi lilinifurahisha kuliko yote. Gomesi huvaliwa juu ya kikoi kilichofungwa kiunoni, ili kitambaa cha juu kisigande mwilini na mwendo wake uwe mzuri. Waganda hukiita *kikooyi*. Kumbe miaka yote hiyo, chini ya vazi la heshima la Uganda, pwani imo, imefichwa, inafanya kazi yake.

Njia inashuka tambarare yenye joto, inapita mbugani mwa Queen Elizabeth, inakata kulia Kikorongo karibu kabisa na mstari wa ikweta. Wilaya hii hulima pamba, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyakatonzi kimejenga biashara yake juu ya pamba hiyo. Pamba huchambuliwa hapahapa, lakini sehemu kubwa ya nyuzi za Uganda huuzwa nje zikiwa ghafi. Mzee alinionyesha shamba moja kwa kidevu. "Hii inakwenda China," alisema, "inarudi ikiwa shati, nami ninalipunguza mikono." Akalala mpaka Bwera.

Bwera na Mpondwe ni kama mji mmoja unaoteremka hadi mto Lhubiriha, na ng'ambo ni Kasindi, Kongo. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni watu wamoja waliopitiwa na mpaka, na kwa lugha zao wanaelewana. Siku ya gulio sokoni husikii mpaka uko wapi isipokuwa kwa jinsi wanavyowaita mafundi. Upande huu ni mzee au ssebo. Wanaotoka kule ni papa. "Papa, nguo yangu iko tayari?" alidai dada mmoja, na fundi mwenye umri mdogo kuliko yeye akaitika bila kusita. Walikuwa wakishonewa vitenge: blauzi iliyobana, *libaya*, na kipande cha kujifunga, *liputa*, maneno ya Kilingala yaliyokuja na muziki na vitambaa. Mzee alikisimamia cherehani cha kijana yule akiangalia libaya inavyobanwa kiunoni kwa mishono minne iliyochongoka. Alitazama muda mrefu.

"Ni kazi," akakubali. "Lakini hiyo inashika mwili. Ukikosea, mwili unakuonyesha ulipokosea. Gomesi haikuambii."

Uzi ulipatikana duka la tano. Aliupeleka nje kwenye jua, akaulaza juu ya kipande cha zambarau alichokuja nacho kwenye bahasha, akaurudisha ndani, akachukua mwingine uliokuwa umekolea kidogo. Uzi ukishashonwa hupauka, alinieleza, kwa sababu unauona kwa vidoti, si kwa mstari. Ukitaka ulingane, nunua uliozidi.

Siku ya nne ilikuwa ya pindo na pasi. Pindo aliliinua kwa mkono kuzunguka vazi lote, akichota uzi mmoja tu wa kitambaa cha juu kwa kila mshono, hivi kwamba kwa nje hakuna kinachoonekana ila nguo imeishia pale ilipoamua. Pasi ni ya mkaa. Alipuliza majivu mbali, akaijaribu kwenye kipande cha ziada, akaweka kitambaa cha pamba katikati, akabonyeza na kunyanyua, akabonyeza na kunyanyua, bila kuburuta hata mara moja. Mikunjo ya mabega hakuigusa. Aliingiza ngumi yake ndani ya mkono wa nguo, akaifungua polepole, na kilele kikasimama.

Mama alikuja jioni pamoja na dada yake. Alivalishwa nyuma ya pazia. Tulisikia kikoi kikifungwa, kisha mabishano juu ya mshipi. Alipotoka, mzee hakutazama uso wake wala rangi. Alitazama pindo, lilivyogusa vumbi na kutogusa, kisha akazunguka nyuma kutazama mabega, kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake kana kwamba aliyesimama pale ni mtu wa kupita.

Dada mtu aliyashika mabega kwa vidole, akauliza, kama watu wanavyouliza kitu wanachokipenda, hivi neno gomesi limetoka wapi.

Nilijiandaa kusikia habari za Gayaza na Mgoa wa mwaka 1905. Mzee alikuwa anatia uzi kwenye sindano kwa ajili ya ile sketi ya juzi.

"Linatoka kwenye gome," alisema. "Lubugo. Wazee wetu walivaa magome ya miti. Ni Kiswahili. Huyu mwalimu ametoka pwani, yeye ndiye amenieleza."

Akina mama wakanigeukia kwa heshima. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameshapata tundu la sindano, na hakuinua kichwa.